Siku Ochwo Alifungua Kamba

Ochwo wa Kirewa si mtu wa kudanganywa hovyo. Ukimkanyaga mguu, kabla hajasema uchungu atakuuliza kwanza hicho kiatu ulinunua Busia ya Uganda ama Busia ya Kenya. Ndiyo maana watu wananiuliza mpaka leo, mjanja kama yule aliangushwaje na mzaha wa simu? Wananiuliza mimi kwa sababu simu yenyewe ilikuwa yangu.

Ochwo anapiga tongoli. Hapana, alikuwa anapiga. Mdomo wangu bado haujazoea. Tongoli ni chombo cha Wapadhola: bakuli la mti limevikwa ngozi ya kenge, mikono miwili imesimama, kijiti kimoja kimelala juu, na kamba nane zinateremka mpaka tumboni. Zamani kamba zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni nailoni ya wavuvi. Ochwo alikuwa anaifuata mwenyewe Majanji, kule ziwani, halafu anaisuka kwa kuiviringisha juu ya paja. Paja lake la kushoto halina unywele hata mmoja, limesukwa likaisha.

Mimi ni Msamia wa Lunyo, kazi yangu ngoma. Tumezunguka pamoja miaka kumi na tisa, na nimeona wapigaji wengi, lakini hakuna anayefanya kazi kama yeye. Akifika kwenye matanga haendi kusalimia wakubwa penye viti. Anakwenda moja kwa moja kwa akina mama wanaomenya matoke. Anaomba kisu, anakaa chini, anamenya na wao. Halafu anaanza.

"Marehemu alipenda kula nini?"

"Nani alikuwa anamwogopa hapa nyumbani? Semeni, mimi sitataja mtu."

"Alikuwa anakoroma?"

Ndizi zikiisha kumenywa, Ochwo anajua mambo ambayo padri hajui na mjane mwenyewe amesahau. Akija kuimba, ukoo anautaja, ndiyo, lakini katikati anaingiza ile ya kukoroma. Hapo mjane analia na kucheka kwa pumzi moja, na watu wanajua waliyemzika ni fulani, si jina tu kwenye karatasi ya programu.

Basi dunia ikasonga. Harusi zilimtoka Ochwo kwanza, halafu ubatizo. Alitokea kijana mmoja wa Busia ya Kenya, Ojiambo, mwenye kinanda cha umeme, spika nne na jenereta. Nasema kijana lakini ana miaka thelathini na nne na tumbo. Si mtu mbaya. Kinanda chake kinatoa ngoma, kinatoa gitaa, kinatoa hata makofi ya watu ambao hawapo. Ochwo akabaki na matanga. Halafu kwenye matanga yenyewe akabaki na saa moja, katikati ya misa na spika.

Hakulalamika. Alisema, "Saa moja inatosha kusema ukweli. Zinazobaki ni za kula."

Lakini mimi nilikuwa naona. Mtoto wake wa kiume ni mmoja tu, Jonan, anaendesha lori la kwenda Juba. Akiombwa ashike tongoli anasema vidole vyake vimezoea usukani. Kwa hiyo Ochwo hakuwa na mtu wa kumwachia, hakuwa na shamba la maana, na magoti yalikuwa yameanza kulia akiinama kupanda mihogo. Alichokuwa nacho ni ile saa moja. Mkewe Abbo aliniambia siku moja, akiwa anapepeta mtama, bila hata kuniangalia: "Shemeji, huyu mzee ukimnyang'anya hiyo mti yake, hapa nyumbani nabaki na kofia tu."

Sasa kuna sheria moja. Sisemi ni ya Wapadhola wote, sitaki kuitwa mahali kueleza. Ni ya nyumba ya mzee Osire, aliyemfundisha Ochwo. Kwa Osire, mpigaji haachi kazi kama mtu anavyoacha pombe, leo ameacha, kesho yupo. Akiacha, anaachia kwenye matanga, mbele ya kaburi. Anataja jina lake, anataja aliyemfundisha, anasema nimemaliza. Halafu anafungua kamba zote, anawapa wenye msiba, zinafukiwa palepale. Tongoli inarudi nyumbani uchi, inatundikwa ukutani. Itafungwa kamba tena siku moja tu, siku ya kumzika yeye, na atakayezifunga ni anayerithi.

Ndugu mmoja wa Osire alifungua kwa hasira, baada ya mwezi akazirudisha. Akafa mwaka uleule. Mimi husema yule alikuwa na sukari na alikunywa waragi kama maji ya kisima, lakini Ochwo hapendi nikisema hivyo.

"Si kufa," huniambia. "Kufa kila mtu atakufa. Ni neno. Umeambia kaburi umemaliza, kaburi limesikia. Utaliambia nini tena?"

Ile Desemba kabla ya mambo haya, Ojiambo alikuja Kirewa na pikipiki, na soda tatu kwenye mfuko. Alitaka sauti za tongoli azitie kwenye kinanda chake, ajaribu tu.

"Mzee wangu, nigongee moja moja," akasema, ameshika simu karibu na ngozi. "Usiimbe. Gonga, ngoja iishe, gonga nyingine."

Ochwo akafurahi, ni nani alikuwa amemwomba kitu siku za karibuni? Ilikuwa jua la saa saba, Abbo ameanika mihogo juu ya mwamba. Akagonga ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Alipofika ya tano akasimama.

"Ngoja. Hii imepanda, jua limeivuta. Niishushe kidogo."

"Iko sawa, mzee. Gonga tu, nina harusi Malaba na hawa watu wanapiga simu kama wamefiwa."

Akagonga. Akamaliza zote nane, tukanywa soda, Ojiambo akaondoka.

Mwaka ukageuka. Ikafika tarehe moja ya mwezi wa nne, na ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa na matanga ya mwisho ya mwalimu Odoi, yale ya kufunga msiba, palepale Kirewa. Watu wa Kampala walikuwa wamekuja na magari, hema mbili zimesimama, na Ojiambo na spika zake alikuwa anatarajiwa mchana. Mimi na Ochwo tulifika asubuhi. Simu yangu ikalia, ni lile kundi letu la wasap la wanamuziki wa mpakani. Ochwo ana simu ya tochi tu, mambo ya kundi huyasikia kwangu. Nikaweka sauti juu.

Alikuwa Ojiambo, amebana pua kama mtangazaji wa redio.

"Habari njema kwa wapenda muziki wa mpakani. Kuanzia Jumatatu inaingia sokoni tongoli ya umeme, ya kwanza duniani. Haina kamba, haina ngozi. Ina vitufe vinane na inatumia jua. Unaandika jina la marehemu na ukoo wake, inaimba yenyewe mpaka uizime. Ina vilio vitatu: kilio cha mjane, kilio cha majirani, na kilio cha mkwe ambaye hajamaliza kuleta ng'ombe. Sauti zote nane zimetolewa kwa fundi mmoja wa Kirewa. Wapigaji wote wa tongoli za mti wafike soko la Busia, kila mmoja atapewa fulana ya kuagwa."

Kundi likawaka. Ecweru, Mteso anayepiga kile kibao cha vyuma vya vidole gumba, aliuliza kama mashine inavumilia mvua. Hakuwa anatania, Ecweru hajui kutania. Teopista, yule mwimbaji wa Busia, akasema hiyo ya kilio cha mkwe iletwe kwao haraka, wanaye mmoja. Mwingine akauliza fulana ni za ukubwa gani. Mwingine akatuma mstari wa Biblia kuhusu siku za mwisho. Mmoja akasema alishaiona Nairobi kwa macho yake, inalia vizuri kuliko mtu. Kila mahali pana mtu ambaye alishaona.

Mimi nilikuwa nimeangalia tarehe. Niseme ukweli, nilijua. Siku ya wajinga mwisho wake ni saa sita mchana, na mimi nikajipangia: saa sita nitamwambia, tutacheka, atanitukana Kidhopadhola nusu saa. Nilitaka kuuonja mzaha kwanza.

"Weka tena," Ochwo akasema.

Nikaweka. Akasikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza kamba. Hata kwenye kile kilio cha mkwe hakucheka.

"Weka tena."

Nikaweka mara ya tatu.

"Fundi mmoja wa Kirewa," akasema.

"Ni wewe, jadwong', mzee wangu," nikamwambia. "Umekuwa mkubwa. Kesho hutatusalimia."

"Ile Desemba. Moja moja."

Hapo ningesema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Lakini Ochwo akauliza jambo jingine. "Inaandikwa jina na ukoo tu? Haiulizi wale wamama?"

"Itauliza wapi na ni mashine?"

Akatikisa kichwa, akaenda kumenya matoke. Mimi nikapeleka simu ndani kwenye chaji, kwenye ile sola ya marehemu.

Nilimwona kutoka mbali anamenya na kuuliza kama kawaida yake. Nikatulia. Nikasema mzee ameshasahau, ama ameshtukia kwamba ni mzaha, anatafuta namna ya kunirudishia.

Misa iliisha mapema. Saa tano na nusu tukaitwa. Nimepiga na Ochwo mara nyingi, lakini siku ile sijui alichota wapi. Aliimba mwalimu Odoi alivyokuwa anaita kuku jioni kwa majina kama anaita wanafunzi, na kuku ambaye hayupo anaandikwa. Aliimba kalamu nyekundu aliyozikwa nayo mfukoni. Aliimba alivyomwogopa dada yake, na dada mwenyewe, mama mzima wa miaka themanini, akasimama akacheza kwa mabega. Mjane, mama Apio, alikuwa ameshika tumbo, analia na kucheka. Watu wa Kampala waliweka simu chini. Nikajisema, mashine gani hiyo.

Halafu akasimama. Akatembea mpaka kaburini, mimi nyuma yake na ngoma.

"Mimi ni Ochwo," akasema. "Alinifundisha Osire. Nimemaliza."

Akafungua ya kwanza.

Mimi bado nilikuwa napiga. Nilidhani ananirudishia. Nilidhani atafika ya tatu ageuke, aseme, umeogopa, si ndiyo? Vijana walikuwa wanapiga makofi, wanadhani ni sehemu ya onyesho. Lakini wazee wachache walikuwa wamevua kofia. Alipofungua ya sita bila kugeuka, nikajua hapa hakuna mzaha. Na mtu akisema na kaburi humkati maneno, hata mtoto analijua hilo. Nikabaki napiga peke yangu, kama mtu anayeongea kwenye simu iliyokatika.

Akazikunja zote nane, kitita kidogo kinaenea kiganjani, akampa mama Apio. Mama Apio ni wa Kirewa, hakuhitaji kuelezwa. Akachukua jembe, akachimba kidogo pale kichwani, akazifukia, akakanyaga.

Saa sita ikafika hivyo. Simu yangu ndani ilikuwa inalia, ni Ojiambo analitangazia kundi zima kwamba ni wajinga.

Yeye mwenyewe aliingia saa tisa, pikipiki mbili, spika zimefungwa kwa mpira, anacheka tangu njiani.

"Wazee, fulana zimefika!" akaita. Halafu akaona tongoli imelala kwenye kiti, miti mitupu. "Mzee, kamba zimeenda wapi?"

Nikamvuta kando, nikamweleza. Akaja akapiga magoti mbele ya Ochwo, na suruali yake nyeupe ya kazi, kwenye maganda ya ndizi.

"Mzee wangu, hakuna kitu kama hicho. Nilitunga tu nikiwa kwa choo. Ilikuwa jokes."

Ochwo alikuwa anakula. Akamaliza tonge.

"Yaani hakuna mashine?"

"Hakuna, mzee."

"Na sauti zangu?"

"Ziko tu kwa simu. Hata sijazitia kwa kinanda."

Ochwo akacheka, si sana. "Ile ya mkwe ulitunga vizuri," akasema. "Inuka, utachafua nguo, na bado una kazi."

Kisha akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

Nikasema nilijua.

"Mpaka saa sita?"

"Mpaka saa sita."

"Mimi nilikuwa wa saa tano na nusu," akasema, akaomba maji ya kunawa.

Usidhani tulikaa tu. Wiki iliyofuata mimi na Ojiambo tulienda kwake na jogoo na kilo mbili za sukari. Ojiambo alikuwa amefika mpaka Majanji, amenunua nailoni nzuri, rola nzima. Tukamwambia Ochwo ulidanganywa, na neno la kudanganywa si neno. Abbo naye akasaidia, akasema hata ndoa ya kudanganywa padri huivunja.

"Sikusema kwa sababu ya mashine," Ochwo akajibu. "Mashine ilinifanya nifikirie. Nilisema mwenyewe, na mdomo wangu, na akili zangu. Nilisema heri nijivue kabla sijavuliwa. Sasa niende pale kwa mwalimu niseme nini? Samahani mwalimu, nilisoma tarehe vibaya? Yule alikuwa anaandika hata kuku."

"Basi nifunge mimi," nikasema. "Hukurudisha wewe, nimerudisha mimi."

"Ukifunga wewe, mimi ni maiti? Mbona naona unanywa chai yangu?"

Tulimpigia Jonan huko Juba, tukamwambia mrithi akisema neno labda kuna njia. Jonan alisikiliza, lori linanguruma. Akasema yeye hata hajui kamba ya juu ni ipi, na hata kama ulikuwa mzaha, si tungemwacha mzee apumzike, alikuwa ameshachoka. Ochwo alikuwa ameegemea mlango anasikia yote, maana simu yangu ina sauti kubwa. Hiyo ndiyo shida ya simu yangu.

Nailoni tuliiacha mezani. Nilipokwenda tena mwezi uliofuata, Abbo alikuwa ameifunga kutoka jikoni mpaka kwenye mti wa mwarobaini, ameanika shuka.

Bado tunaenda naye kwenye matanga. Anakuja mapema, anaomba kisu, anamenya, anauliza marehemu alipenda nini na alikuwa anamwogopa nani. Akina mama wanamweleza yote. Halafu anafuta mikono, anaenda kukaa nyuma ya hema na yale maneno yote tumboni, na hakuna pa kuyatoa. Nilimwambia amwambie Ojiambo ayaseme kwenye maikrofoni. Walijaribu mara moja, Lunyo kwetu. Ojiambo alisema ile ya kukoroma, watu wakacheka kama wanavyomcheka mchekeshaji, mjane akainamisha kichwa. Hawakurudia.

Mwezi wa nane kulikuwa na matanga ya mzee mmoja karibu na Kirewa, na familia ikalilia tongoli. Wakasema baba yao hawezi kwenda bila tongoli. Walimwomba Ochwo, akakataa. Waliuliza mpigaji mwingine, hakuna. Basi Ojiambo akanivuta kando, hata aibu alikuwa nayo, akasema zile sauti nane ameshazitia kwenye kinanda, na bila ruhusa ya mzee hawezi kuzigusa.

Nikampeleka.

"Piga," Ochwo akasema. "Watu wamefiwa."

Ojiambo akawasha jenereta. Zikatoka kwenye spika, zote nane, kubwa kuliko zilivyowahi kutoka kwenye mti. Ilikuwa ni yeye kabisa. Hata ile namna yake ya kugonga ya pili na ukucha, ilikuwepo. Mimi nikaingia na ngoma kwa mazoea, halafu nikageuka kumtafuta pembeni yangu pale anapokaa siku zote. Alikuwa nyuma, kwenye benchi la wageni, mikono kwenye magoti.

Watu walifurahi, na wenye msiba walishukuru sana.

Jioni, tunafunga waya, Ojiambo akamfuata. "Mzee, imekuwaje?"

Kidole cha Ochwo kilikuwa kinatembea juu ya paja, lile la kushoto.

"Ya tano imepanda," akasema. "Nilikuambia siku ile."

"Nitaishusha, mzee. Kuna kitufe."

"Nimesikia ukiishusha pale katikati. Ukishusha ya tano, zote nane zinashuka nayo."

Ojiambo akakubali kwa kichwa. Ni kweli, kinanda chake kiko hivyo. Akasema njia ni moja tu, Ochwo afunge kamba moja, amgongee ile ya tano upya, mara moja tu, sekunde mbili.

Ochwo akamtazama kuona kama ni mzaha mwingine. Halafu akachukua kofia yake, akatuaga vizuri, kila mtu kwa jina, akashika njia ya kwake.